Jack the Ripper: Muuaji wa Whitechapel aliwachaguaje wanawake aliowaua?

MNAMO Agosti 31, 1888, mwendo wa saa tisa na dakika 40 usiku, mwanamume mmoja aliyekuwa akielekea kazini aliona kitu kilichofanana na turubai kimelala kando ya lango katika barabara ya Buck's Row, mtaa wa Whitechapel, mashariki mwa jiji la London. Alipokaribia, aligundua kuwa alikuwa mwanamke. Konstebo John Neil, aliyekuwa katika doria, alikuwa amepita mahali hapo saa tisa na robo bila kuona lolote.

Mwanamke huyo alikuwa Mary Ann Nichols, mwenye umri wa miaka 43. Katika kipindi cha wiki kumi zilizofuata, wanawake wengine wanne waliuawa katika eneo hilo hilo. Muuaji, ambaye alikuja kupewa jina la Jack the Ripper, hakukamatwa wala kutambuliwa.

Vitabu vingi vimeandikwa kujaribu kujibu swali la alikuwa nani. Makala haya yanashughulikia swali jingine ambalo huenda ushahidi uliopo unaweza kulijibu vyema zaidi: katika jiji lililokuwa na mamilioni ya watu, kwa nini walikuwa wanawake hao watano?

Waathiriwa watano

Faili ya polisi kuhusu mauaji ya Whitechapel ina vifo 11 vilivyotokea kati ya Aprili 1888 na Februari 1891. Hata hivyo, mnamo 1894 afisa wa ngazi ya juu wa polisi wa London, Melville Macnaghten, aliandika katika waraka wake kwamba muuaji huyo aliwaua watu watano pekee. Orodha hiyo ndiyo inayokubaliwa na watafiti wengi hadi leo, ingawa wapo wanaomwongeza Martha Tabram, aliyechomwa kisu mara 39 Agosti 7, 1888.

Wa kwanza katika orodha ya Macnaghten ni Nichols. Wa pili ni Annie Chapman, mjane wa miaka 47, aliyepatikana Septemba 8 katika ua wa nyumba nambari 29 barabara ya Hanbury. Wa tatu na wa nne, Elizabeth Stride, 44, mzaliwa wa Uswidi, na Catherine Eddowes, 46, waliuawa usiku mmoja, Septemba 30, katika muda usiofika saa nzima. Wa tano ni Mary Jane Kelly, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 25. Aliuawa Novemba 9 kitandani mwake katika chumba alichokodi pembeni mwa barabara ya Dorset.

Je, waliwindwa kwa majina?

Dhana inayowavutia wengi ni kwamba muuaji alikuwa na orodha ya watu maalumu. Mnamo 1976 mwandishi Stephen Knight alichapisha kitabu kilichodai kuwa wanawake hao waliuawa ili wasitoboe siri ya ndoa ya faraghani iliyomhusu mjukuu wa Malkia Victoria. Alimtaja daktari wa Malkia, Sir William Gull, kuwa mhusika mkuu.

Watetezi wa dhana hii hutegemea jambo moja ambalo kwa hakika linashangaza. Usiku wa kifo chake, Catherine Eddowes alikamatwa akiwa mlevi na kupelekwa katika kituo cha polisi cha Bishopsgate. Alipoulizwa jina lake kabla ya kuachiliwa, alijibu kuwa anaitwa Mary Ann Kelly. Siku 40 baadaye, Mary Jane Kelly aliuawa. Wanaoamini njama hiyo husema Eddowes aliuawa kimakosa, na kwamba aliyekuwa akitafutwa ni Kelly.

Hoja hiyo haina mashiko. Eddowes alikuwa akiishi na mwanamume aliyeitwa John Kelly, kwa hivyo si ajabu kwamba alitumia jina hilo. Aidha, Mary Kelly ni jina la kawaida miongoni mwa watu wa asili ya Ireland, ambao walikuwa wengi London.

Zaidi ya hayo, Eddowes aliachiliwa mwendo wa saa saba usiku baada ya polisi kuona kuwa ulevi umempungua. Hakuna mtu nje ya kituo aliyeweza kujua ni saa ngapi angetoka wala angeelekea wapi. Dakika 44 baadaye, Konstebo Edward Watkins aliukuta mwili wake katika uwanja wa Mitre Square. Mtu aliyekuwa akimwinda Eddowes kwa jina lake hangeweza kupanga miadi ya namna hiyo.

Kuhusu Gull, alikuwa mzee wa miaka 71 aliyekuwa ameugua kiharusi mwaka mmoja kabla ya mauaji hayo. Mwanamume aliyemsimulia Knight kisa cha njama ya mauaji alikiri mnamo 1978 kwamba alikibuni.

Je, alitaka viungo vya mwili?

Dhana ya pili ilitolewa na afisa wa serikali wakati uchunguzi ukiendelea. Wynne Baxter, aliyekuwa na jukumu la kuchunguza vifo vya ghafla katika eneo hilo, alipokuwa akihitimisha uchunguzi wa kifo cha Annie Chapman Septemba 1888, alisema amearifiwa kwamba Mmarekani mmoja alikuwa ameahidi pauni 20 kwa kila mfuko wa uzazi ambao angepatiwa kwa ajili ya utafiti. Baxter alishuku kuwa huenda mtu fulani alivutiwa na fedha hizo.

Iwapo jambo hilo lingekuwa kweli, basi mwanamke yeyote angefaa, na swali la uteuzi lingekwisha. Lakini jarida la madaktari wa Uingereza lilipinga madai hayo. Isitoshe, Nichols na Stride hawakuondolewa kiungo chochote. Daktari Thomas Bond, ambaye polisi walimwomba ushauri, aliandika Novemba 10, 1888 kwamba muuaji hakuonyesha ujuzi wa upasuaji, hata ule wa mchinjaji wa mifugo. Alimfikiria kuwa mtu wa makamo, mtulivu, aliyevaa nadhifu na ambaye watu wangemwona hana madhara.

Maelezo hayo ya Bond yana umuhimu katika suala letu. Mtu wa aina hiyo hahitaji kutumia nguvu ili kumkaribia mwanamke. Mwanamke mwenyewe atamruhusu amkaribie.

Je, aliwachukia makahaba?

Tangu siku za mwanzo, magazeti yalieleza kuwa muuaji aliwalenga makahaba. Polisi nao waliamini hivyo, na kwa zaidi ya karne moja dhana hiyo ilirudiwa bila kuhojiwa.

Mnamo 2019 mwanahistoria Hallie Rubenhold alichapisha kitabu kuhusu maisha ya wanawake hao watano. Alidai kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa Nichols, Chapman na Eddowes walikuwa makahaba. Alikumbusha wasomaji kuwa Nichols alikuwa mke wa fundi wa uchapishaji na mama wa watoto watano, na kwamba Chapman alikuwa mke wa dereva wa magari ya farasi. Ndoa zilipovunjika na pombe ilipoingia, walijikuta mitaani. Kwa maoni ya Rubenhold, muuaji huenda aliwavamia wakiwa wamelala nje kwa kukosa pa kwenda.

Watafiti wengine hawakukubaliana naye. Wanataja ushahidi uliotolewa mbele ya Baxter na wenzake. Shahidi mmoja, Elizabeth Long, alisema alimwona Chapman akizungumza na mwanamume kando ya nyumba nambari 29 saa kumi na moja na nusu alfajiri, muda mfupi kabla ya mwili wake kupatikana. Shahidi mwingine, Joseph Lawende, alimwona mwanamke aliyevaa nguo kama za Eddowes akiwa amesimama na mwanamume karibu na Mitre Square, mkono wake ukiwa kifuani mwa mwanamume huyo. Hiyo ilikuwa kama dakika kumi kabla ya mwili kugunduliwa. Ikiwa mashahidi hao hawakukosea, basi wanawake hao hawakuwa usingizini.

Hata hivyo, pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja bila kukusudia. Awe alikuwa akitafuta mteja au akitafuta kona ya kulala, mwanamke huyo alikuwa nje, peke yake, usiku wa manane, kwa sababu ya umaskini. Kwa muuaji, tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa.

Je, aliwafahamu?

Wapo wanaoamini kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kuwa muuaji alikuwa jirani wa waathiriwa. Ushahidi wa makazi yao unatia moyo dhana hii. Nichols alikuwa amelala katika nyumba za barabara za Thrawl na Flower and Dean. Stride alilala katika nyumba nambari 32 ya Flower and Dean, na Eddowes katika nambari 55 ya barabara hiyo hiyo. Chapman aliishi barabara ya Dorset, na chumba cha Kelly kilikuwa pembeni mwa barabara hiyo. Mtu angeweza kutembea kutoka makazi ya mmoja hadi ya mwingine kwa dakika chache.

Kim Rossmo, kachero wa zamani wa Canada aliyebuni mbinu ya kukadiria makazi ya mhalifu kutokana na mahali anapotenda uhalifu, aliitumia mbinu hiyo katika kesi hii. Matokeo yake yalielekeza kidole katika eneo la Flower and Dean na Thrawl.

Lakini ni lazima tutahadhari hapa. Kuishi karibu hakumaanishi kufahamiana. Polisi walikadiria mwaka huo kwamba Whitechapel ilikuwa na nyumba 233 za malazi ya bei ya chini, zilizolaza watu wapatao 8,500 kila usiku. Nyingi zilikuwa zimesongamana katika barabara hizo chache. Mwanamke yeyote fukara wa eneo hilo angepatikana na anwani ya aina hiyo. Kwa hivyo anwani hizo zinatuonyesha jinsi wanawake hao walivyokuwa maskini. Hazithibitishi kuwa muuaji aliwajua, wala kuwa wao walijuana.

Peni nne za kitanda

Tukiacha dhana na kufuata saa za mwisho za kila mmoja, picha tofauti inajitokeza.

Kitanda cha usiku mmoja katika nyumba hizo kiligharimu peni nne. Asiyekuwa na pesa hizo alitolewa nje, awe mgonjwa au mzima. Usiku wa Agosti 31, Nichols alifukuzwa kutoka nyumba ya barabara ya Thrawl kwa kukosa peni nne. Aliondoka akicheka, akionyesha kofia yake mpya na kusema kuwa angezipata upesi. Saa nane na nusu alikutana na rafiki yake, akamwambia kuwa siku hiyo alikuwa amepata pesa za kitanda mara tatu na kuzinywea zote. Saa moja na dakika kumi baadaye alipatikana ameuawa.

Chapman alitolewa kutoka nyumba ya barabara ya Dorset karibu saa nane usiku, Septemba 8, kwa sababu iyo hiyo. Mumewe aliyeachana naye alikuwa akimtumia shilingi kumi kila wiki, lakini alifariki mwishoni mwa 1886 na msaada ukakatika. Alikuwa akijikimu kwa kufuma vitambaa na kuuza maua. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa alikuwa na ugonjwa wa muda mrefu wa mapafu na wa utando wa ubongo. Aliyemfukuza alimtoa nje mgonjwa.

Eddowes alikuwa amerejea siku chache awali kutoka Kent, ambako yeye na John Kelly walikwenda kufanya vibarua vya mavuno. Hawakuambulia kitu. Walilazimika kuweka rehani viatu vya mwanamume huyo ili wapate chakula. Polisi walipomwachilia saa saba usiku, hakuwa na pesa za kitanda.

Mary Jane Kelly alikuwa na chumba, lakini alidaiwa kodi ya shilingi 29. Kodi ya chumba hicho ilikuwa shilingi nne na peni sita kwa wiki, kwa hivyo alikuwa amelimbikiza deni la zaidi ya wiki sita. Aliyegundua mwili wake ni mtu aliyetumwa na mwenye nyumba kudai pesa hizo.

Stride ndiye anayetofautiana na wengine. Siku yake ya mwisho alikuwa amelipwa peni sita kwa kusafisha vyumba katika nyumba alimolala, kwa hivyo kitanda hakikuwa nje ya uwezo wake. Yeye pia alikatwa koo tu bila kudhuriwa zaidi. Kuna wanaosema muuaji alikatizwa na mtu aliyeingia uani kwa gari la farasi, na wengine husema aliuawa na mtu tofauti. Msomaji anapaswa kukumbuka kasoro hii kila anapoelezwa kuwa mauaji yote matano yalifuata kanuni moja.

Siku, saa na giza

Mauaji yote matano yalitokea kati ya usiku wa Alhamisi na alfajiri ya Jumapili. Nichols na Kelly waliuawa alfajiri ya Ijumaa, Chapman Jumamosi, nao Stride na Eddowes Jumapili. Wengi hufasiri hilo kuwa muuaji alikuwa na kazi ya kawaida siku nyingine za wiki. Huenda ni kweli. Lakini mwishoni mwa wiki ndipo pia mishahara ililipwa na vilabu vya pombe vikajaa, na kwa hivyo ndipo walevi walipokuwa wengi barabarani. Ratiba hiyo inaweza kuwa ya muuaji, na inaweza vilevile kuwa ya mtaa mzima.

Mahali palipotumika pia panaeleza mengi. Buck's Row ilikuwa na mwanga hafifu. Mwili wa Eddowes ulipatikana katika kona yenye giza zaidi ya Mitre Square, mahali ambapo Watkins alikuwa amepita saa saba na nusu bila kuona kitu. Inaelekea wanawake wenyewe ndio waliomwongoza mwanamume huyo mahali pa faragha wasipoweza kuonekana na polisi, kwa kuwa walijua vyema zamu za doria. Bila kujua, walikuwa wakimsaidia kujificha.

Mwezi wa Oktoba ulipita bila mauaji. Polisi walikuwa wamesambaza karatasi 80,000 za kuomba habari, wakapekua nyumba moja baada ya nyingine na kuongeza askari, huku kamati ya wakazi ikipiga doria zake. Mauaji yaliporejea Novemba, yalitokea ndani ya chumba, na aliyeuawa alikuwa mwanamke aliyekuwa na umri mdogo kuliko wenzake kwa takriban miaka 20. Ikiwa muuaji alikuwa mtu yule yule, basi hakushikilia umri, sura wala mahali. Njia za barabarani zilipofungwa, alimchukua aliyekuwa na mlango.

Sheria iliyowasukuma nje

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi mara nyingi. Mnamo 1885 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyorahisisha kufungwa kwa madanguro. Watetezi wa maadili, wakiongozwa mashariki mwa London na Frederick Charrington, waliitumia kwa bidii. Lengo lao lilikuwa jema, lakini wanawake waliofukuzwa humo hawakupewa pahali pengine pa kwenda. Walihamia vichochoroni. Danguro, pamoja na maovu yake yote, lilikuwa na kuta na watu ambao wangesikia mayowe.

Baada ya mauaji mawili ya Septemba 30, wanawake wa eneo hilo zaidi ya 4,000 walitia saini ombi kwa Malkia Victoria. Waliomba nyumba za uovu zifungwe. Ombi hilo liliwasilishwa kwa unyoofu wa moyo, lakini halikutaja peni nne.

Jibu linaloelekea kuwa sahihi

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na aliyeshika kisu aliondoka na siri yake. Pamoja na hayo, ushahidi unaelekea upande mmoja. Muuaji alichagua eneo, akachagua saa, akachagua aina ya mtu ambaye hangekataa kuzungumza na mgeni. Baada ya hapo, kilichobaki kiliamuliwa na nani aliyekosa kitanda usiku huo. Iwapo Nichols angebakiwa na peni nne kati ya zile alizonywea, huenda jina lililoandikwa katika ripoti ya Agosti 31 lingekuwa la mwanamke mwingine.

Ni hapo ambapo kesi hii ya zamani inawahusu wapelelezi wa miji mingine na nyakati nyingine. Kila anapouawa mwanamke maskini usiku, swali la kwanza huwa alikuwa akifanya nini huko, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya lawama. Mnyonge hana haki, hata akiwa maiti. Huko Whitechapel polisi walijua bei ya kitanda, walijua nyumba zilizowatoa watu nje, na walijua barabara ambazo watu hao walizurura hadi kukicha. Walimsaka mtu mmoja miongoni mwa maelfu. Kama wangeweza kuhakikisha kuwa hakuna mwanamke anayefukuzwa kitandani baada ya saa sita usiku, huenda wasingemkamata muuaji, lakini wangempunguzia watu wa kuchagua.